CHACHU KWANZA, PANGA BAADAYE

Mazungumzo ya Katibu wa Tawi na wanaushirika wapikao boha, Vugiri



Maneno haya tuliyatoa ghalani siku ya mkutano. Siku ile mvua ilizuia wengi, na maneno ya mdomo kila yakipita nyumba moja hupungukiwa kidogo, yakifika nyumba ya kumi yamekuwa mengine. Kwa hiyo tumeyaandika hapa ubaoni. Anayejua kusoma amsomee mwenzake, asione tabu.

Jambo lenyewe ni la pipa. Hakuna asiyelijua. Akina mama wa kikundi walichukua miwa ya wanachama kwa mkopo, karibu kilo 400, ndiyo mizigo 20 ya kichwani kutoka mabondeni kupanda huku juu. Miwa ikatwangwa, ikakamuliwa, zikapatikana lita 200, pipa zima. Boha ile ilikuwa ya harusi, na wenye harusi waliagiza pombe kali, siyo ya kulainisha koo. Fedha yake ilikuwa ya kununua bati za ghala hili hili linalotuvujia. Pipa likatiwa chachu iliyokuwepo, chupa moja tu iliyobaki upishi wa nyuma. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu povu kidogo, kama la mtu anayesukutua. Siku ya tano likanuka siki, na juu utando umetanda. Wenye harusi wakanunua bia ya dukani, na wenye miwa mpaka leo hawajalipwa.

Mkutanoni yalitolewa mashauri matatu. La kwanza, safari ijayo tuongeze sukari. La pili lilisemwa na kijana mmoja, kwamba kuna mahali wanatia mbolea kidogo, eti pombe inachemka upesi. La tatu lilinong'onwa kule nyuma, lakini tulilisikia: pombe ikiwa nyepesi itiwe gongo, nani atajua? Tuliahidi kuyajibu yote. Majibu yapo humu. Ila tutaanza na chachu, maana pale ndipo pipa lilipofia.

Wapo watakaouliza, Katibu wa Chama na pombe wapi na wapi? Jamani, hatukuja kumfundisha mtu kunywa. Wanaojua kunywa wamejifunza bila ya sisi. Lakini kazi ya mikono ya akina mama ikimwagwa kilimani, hiyo ni habari ya maendeleo, na Chama hakiwezi kusema hakikuona. Na mwenye dini inayomkataza, au aliyeacha kwa hiari yake, asione tumemsahau. Chachu hii ni ndugu moja na hamira inayoumua maandazi yake ya asubuhi.

Sasa basi, chachu ni nini? Ni vidude vilivyo hai, vidogo mno, jicho halivioni. Wazee wetu walivitumia bila kuviona, na walijua kazi yake vizuri tu. Katika miaka ya 1850 na 1860 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Louis Pasteur, aliwathibitishia watu kwa darubini na majaribio yake kwamba pombe haichachi yenyewe. Inachachushwa na vijidudu hivi vinavyokula sukari na kuacha vitu viwili, kileo na hewa. Hewa ndiyo ile inayopandisha povu. Na akaeleza pia kwamba pombe ikiharibika, imeingiliwa na vijidudu vya namna nyingine, vya ukakasi na vya siki. Kwa hiyo ndani ya pipa kuna mashindano. Upande mmoja chachu, upande wa pili wadudu wa ukakasi. Sukari ni ile ile, anayewahi ndiye anayekula.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anadhani chachu ni kama chumvi, ukitia kidogo italowea polepole mpaka itoshe. Siyo. Chachu ni kama miche. Huku Vugiri nani asiyejua kitalu? Mche wa chai hautupwi tu shambani ukapambane na magugu. Unalelewa kitaluni, chini ya kivuli, unamwagiliwa, mpaka mizizi ishike. Chachu nayo ina kitalu chake. Chupa moja ndani ya pipa ni sawa na kupanda miche kumi katika ekari nzima ya magugu halafu kusubiri mavuno.

Tulifanya hesabu hii darasani kwenye kisomo, nayo iliwafurahisha watu. Kijidudu kimoja cha chachu, kikiwa na chakula na joto zuri, kwa muda wa saa mbili hivi huwa viwili. Saa mbili tena, vinne. Endelea hivyo: 8, 16, 32, 64. Ukizidisha mara 12, yaani usiku na mchana mmoja, kimoja kimekuwa 4,096. Wanafunzi walipiga makofi. Kisha tukawauliza, je, kwenye baridi? Maana huku kwetu si Korogwe mjini. Kule chini joto linatosha mchana na usiku, huku juu mwezi wa sita na wa saba tunalala na mablanketi. Chachu ikipoa hukawia. Tuseme inachukua saa nne badala ya mbili. Basi kwa usiku na mchana ule ule inazidi mara 6 tu, na kimoja kimekuwa 64. Hamkuamini, mkarudia hesabu kwa vijiti, ikatoka 64 vile vile. Ndiyo tofauti ya baridi na joto. Na wadudu wa ukakasi hawangoji, maana wengine wao huzaana upesi kuliko chachu. Hivyo chupa moja katika lita 200, huku kwenye baridi yetu, ilikuwa imeshindwa kabla ya kuanza.

Na kwa pombe kali shida huzidi mara mbili. Maji ya miwa iliyokomaa yana sukari nyingi, kiasi cha sehemu 15 hadi 18 katika 100. Sukari ikila vizuri ikaisha, boha inaweza kufika asilimia 8 au 9 ya kileo, na bia nyingi za chupa ni asilimia 5 hivi. Lakini sukari nyingi hunyonya maji ndani ya chachu, ikawa kama mtu aliyekula chumvi bila maji. Halafu kileo chenyewe kikipanda, chachu dhaifu hulewa na kufa katikati ya safari. Pombe inabaki tamu, nyepesi, na mlango uko wazi kwa siki. Mwenye kutaka pombe nyepesi anaweza kubahatisha na chachu ndogo. Mwenye kutaka kali hana nafasi ya kubahatisha.

Hili ndilo jibu la shauri la sukari. Sukari ni mzigo, chachu ndiyo wabebaji. Wabebaji wawili wakishindwa mzigo, huongezi mzigo. Kilo moja ya sukari katika debe la lita 20 inaweza kuongeza kileo karibu asilimia 3, kweli kabisa, kama ipo chachu ya kuila. Kama haipo, umenunua sukari ya kuwapa nyuki.

Viwanda vikubwa vilipitia adha hii hii. Kule Copenhagen, nchini Denmark, kiwanda cha bia cha Carlsberg kilikuwa kikipata bia chungu, na watu hawajui sababu. Mwaka 1883 mtaalamu wao, Emil Christian Hansen, alifaulu kuotesha chachu safi akianzia na kijidudu kimoja tu, akakilea mpaka kikatosha kiwanda. Akaona kwamba zipo chachu nzuri na zipo za mwituni zinazoharibu bia. Na sisi wanaushirika tutazame jambo moja: kiwanda kile hakikuficha chachu yake, kiliwagawia na wapika bia wengine. Mpaka leo viwanda hufanya hivyo hivyo, huanzia kwenye kichupa, wakahamishia chombo kikubwa zaidi, kisha kikubwa zaidi tena, ndipo wakatia kwenye tangi. Hakuna kiwanda kinachotia kichupa ndani ya tangi.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Kanuni ni kwamba kwa boha kali, chachu iliyoamka iwe sehemu moja kwa kila sehemu 10 za maji ya miwa. Pipa la lita 200, chachu lita 20, yaani debe moja. Kwa pombe nyepesi nusu ya hapo hutosha. Na kila unapohamisha chachu kwenye chombo kikubwa, usizidishe mara 10. Mara 6 au 7 ni salama zaidi kwa baridi yetu.

Debe hilo litoke wapi? Tufuate siku. Kama miwa itakatwa Jumamosi alfajiri, kazi inaanza Jumapili iliyotangulia. Narudia, Jumapili iliyotangulia. Siyo Ijumaa usiku baada ya miwa kufika uani.

Jumapili jioni mama anachemsha nusu lita: nusu yake maji ya miwa, nusu maji ya kawaida. Kwa nini ayazimue? Kwa sababu kitaluni hatutaki kileo, tunataka uzazi. Maji mepesi hayaichoshi chachu. Atie na konzi dogo la unga wa kimea, maana maji ya miwa yana sukari tele lakini ni haba kwa vyakula vingine vinavyojenga mwili wa chachu. Miwa ni kama ugali mtupu, na kimea ndiyo mboga yake. Yachemke robo saa, yachujwe kwa kitambaa kilichochemshwa, yafunikwe mpaka yapoe. Kipimo cha kupoa ni kile cha maziwa ya mtoto mchanga: dondosha tone ndani ya kiwiko, usisikie moto wala baridi. Chachu ikitiwa kwenye maji ya moto hufa pale pale, na wengi wameiua hivi bila kujua, wakailaumu.

Ndipo atie mbegu. Mbegu nzuri ni mashapo mazito ya boha iliyoiva vizuri, yasiyozidi wiki moja. Vijiko vitatu vinne vinatosha. Aweke kwenye chupa au kibuyu kidogo, mdomo ufunikwe kwa kitambaa safi na usizibwe kwa kizibo. Kila anapopita akitikise. Hapa akina mama walishangaa, kwani tumezoea kusema pombe isichezewe. Ni kweli, pombe isichezewe. Lakini chachu inayozaana inataka hewa, nayo huipata kwa kutikiswa. Kazi hizi mbili ni mbalimbali.

Jumanne jioni chupa imetoa povu, povu limeanza kushuka, chini pamekaa tope jeupe. Anusa. Ikinukia mkate au ndizi mbivu, ni nzuri. Ikinuka siki, au ikiwa na utando, au inavuta kama mlenda, amwage bila huruma aanze upya. Nusu lita hailizi mtu. Ikiwa nzuri, achemshe lita mbili na nusu nyingine, nusu kwa nusu vile vile, na kimea chake, zipoe, amimine yote ndani ya ndoo ndogo. Sasa ana lita tatu. Alhamisi jioni achemshe lita 17 kwa namna ile ile, amimine zile lita tatu. Ndilo debe. Ijumaa mchana alikoroge mara kwa mara kwa mwiko safi, Ijumaa usiku aliache litulie.

Kwa debe zima amechukua kiasi cha lita 10 za maji ya miwa, ambazo ni kilo 20 za miwa, mzigo mmoja wa kichwani. Mzigo mmoja unalinda mizigo 20. Mzee mmoja aliposikia hivyo alisema basi pipa lile lilikufa kwa ubahili wa mzigo mmoja. Hatuna la kuongeza.

Usiku wa baridi chombo kisogezwe karibu na jiko, kizungushiwe gunia au blanketi kuukuu. Karibu na jiko, siyo juu ya jiko. Chachu yetu hupenda joto la mchana mzuri wa Korogwe. Likifika kama homa kali, inaumia.

Jumamosi alfajiri mnakata miwa, mnatwanga, mnakamua siku hiyo hiyo. Msilaze miwa iliyokatwa. Maji ya miwa yakikaa hukaliwa na wadudu wanaoyafanya yavute utelezi, na utelezi ule hauondoki. Yaani panga likishagusa miwa, saa imeanza kuhesabu, na ndiyo maana tunasema chachu itangulie. Anayetaka boha isizimuliwe, amimine pembeni maji mepesi ya juu ya debe, abakize lita saba au nane za chini pamoja na tope lote, maana chachu imelala chini. Atie ndani ya pipa, akoroge kwa nguvu mara hiyo moja ipate hewa. Baada ya hapo afunike, asichezee tena. Kama chachu ni ya kutosha, kabla ya kulala mtasikia pipa linanong'ona. Asubuhi povu. Huku kwetu boha kali huhitaji siku tano mpaka saba kutulia.

Akina mama waliuliza kama maji ya pipa zima yachemshwe. Tunasema hapana haja, ikiwa miwa ni ya siku hiyo, vyombo ni safi na debe la chachu limekamilika. Jeshi kubwa likiingia mapema huchukua nafasi yote. Kuchemsha lita 200 ni kuni nyingi mno. Wazee wanakumbuka kampeni ya redio ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980, na milima hii inavyoendelea kukatwa tunaiona wenyewe. Kuchemsha lita 20 za kitalu ni kuni za kupikia maharage tu.

Juu ya mwegea. Wengine wenu huutunza mti huu, wengine huuita mvungunya. Wenzetu Wakikuyu na Wakamba wa Kenya hupikia tunda lake pombe ya muratina. Tunda hukomazwa, hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani, kisha vipande hulowekwa katika pombe na chachu ikajificha ndani ya nyuzi zake. Vikianikwa vikakauka, chachu inalala, na safari nyingine inaamka. Ni ghala la chachu, tena zuri. Lakini mambo mawili. Tunda bichi la mwegea ni sumu, lisitiwe kamwe. Na chachu iliyolala kwenye kipande kikavu ni chache na imechoka, nayo pia ipitie chupa, ndoo na debe kama tulivyosema. Kutupa vipande viwili ndani ya pipa kisha kukaa ukivitazama ni yale yale.

Na hamira ya dukani? Inafaa, hatuikatai. Paketi ya gramu 11 hutosha kiasi cha lita 20 za pombe ya kawaida. Kwa pipa la boha kali utahitaji paketi 10 na zaidi, hesabu mwenyewe bei. Mwenye kitalu ananunua paketi moja tu, tena asipokuwa na mashapo. Aijaribu kwanza: maji ya vuguvugu kikombe, sukari kijiko, atie hamira. Ikikaa robo saa bila povu, imekufa dukani.

Sasa shauri la mbolea. Kijana yule hakuwa mwongo kabisa. Ni kweli chachu hupenda chakula kile ambacho mimea hukipata kwenye mbolea ya chumvichumvi. Ni kweli pengine povu lingeongezeka. Lakini mbolea ya shamba haikutengenezwa kuingia tumboni mwa mtu, na urea ikichachuka pamoja na kileo huzaa kitu kinachoshukiwa kuleta saratani. Chakula hicho hicho kipo kwenye kimea, nacho twakiotesha wenyewe. Wachaga hutia kimea cha ulezi katika mbege yao tangu enzi, hawajawahi kuhitaji gunia la mbolea.

Kimea nacho kiwe safi. Nafaka iliyovunda isigeuzwe kimea wala unga wa pombe, hata kama inauma kuitupa. Januari 2015 katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Walikufa watu 75. Mwanzo ilisemwa ni nyongo ya mamba, na watu wakaanza kutafuta mchawi. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha kwamba unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, ukaota vijidudu vinavyotoa sumu kali. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha. Hapakuwa na mchawi.

Na yule aliyenong'ona habari ya gongo, tunamjibu kwa sauti. Sheria ya mwaka 1966 juu ya utengenezaji wa moshi imekataza kutengeneza gongo bila leseni, hilo analijua. Lakini hata tukiweka sheria kando, pombe kali ya kununua uchochoroni hujui ina nini. Mei 2014 nchini Kenya walikufa makumi ya watu kwa vinywaji vilivyotiwa methanoli, wengine wakapofuka. Methanoli huwezi kuitambua kwa kuonja. Boha iliyoiva kwa chachu yake haina hatari ya namna hiyo. Ukiitia gongo, umechukua kitu unachokijua ukakichanganya na usichokijua, kisha ukawapa wageni wa harusi. Atakayeonekana akifanya hivyo katika pombe ya Ushirika hatutamjadili ghalani. Tutampeleka kwa Mtendaji siku hiyo hiyo.

Maneno mafupi juu ya pipa. Pipa lililobeba dawa ya kuua magugu au wadudu halifai, hata likioshwa mara 100. Tumeona mapipa ya namna hiyo yakiuzwa rahisi huku milimani, urahisi wake ni huo. Pipa la boha lisizibwe likakaza, hewa itafute pa kutokea, la sivyo litapasuka. Na hewa hiyo ni nzito, hukaa chini. Mtu asiingize kichwa ndani ya pipa kunusa, wala watoto wasilale katika chumba kilichofungwa chenye pipa linalochacha. Ukiingiza koroboi ikazimika yenyewe, toka nje ufungue mlango.

Mkutano ulikubaliana hivi. Kikundi kitapika tena pipa moja, na fedha ya kwanza italipa wenye miwa ya lile lililoharibika, bati zitafuata. Kibali kitaombwa kwa Mtendaji kama sheria inavyotaka. Chachu itakuwa ya Ushirika, haitakuwa ya mtu. Itakaa ghalani, pembe ya ndani isiyopigwa na jua, ndani ya mtungi wenye kifuniko, nayo italishwa kila Jumapili kwa maji ya miwa yaliyochemshwa hata kama wiki hiyo hakuna upishi. Zamu za kuilisha zimebandikwa upande wa kulia wa ubao huu. Mwanachama anayetaka mbegu kwa pombe yake ya msaragambo au ya nyumbani atapewa bure, vijiko vinne, Jumapili kuanzia saa kumi jioni. Aje na chupa iliyooshwa kwa maji ya moto. Chupa iliyotiwa mafuta ya taa hatutaijaza.